Mifuko ya Salfa Juu ya Ukuta

Ua wangu hapa Newala una kamba moja ya kuanikia nguo na vyumba vitano vya kupangisha. Hesabu hiyo haijawahi kukaa sawa tangu nijenge. Nilijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa korosho za mikono yangu, na shule niliiachia darasa la tatu, kwa hiyo atakayeona herufi zimekaa vibaya humu na azisogeze mwenyewe. Ninachoandika nakijua. Ni habari ya bibi aliyekaa chumba cha mwisho, kile cha karibu na choo, na mtoto wa mwalimu, na mifuko yangu ya salfa. Kwa mdomo nimeisimulia mara nyingi, na kila mara watu wanaisikia kombo. Labda ikikaa kwenye karatasi wataifuata mpaka mwisho.

Bibi alikuja kwangu mvua zikiwa zinamalizika. Alikuwa na ndoo yenye sufuria ndani, mkeka, na furushi la kanga. Alitoka Makote. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwamkia, nikamwita dada, naye akaniita kaka. Nikamfungulia chumba, wala hakukitazama. Alisimama mlangoni, akavua kanga ya kichwani. Nywele zilikuwa fupi, nyeupe, zimeanza kuota juzijuzi tu.

"Kaka, nakwambia mapema usije ukaambiwa na watu. Mimi nimenyolewa."

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Watu wakimshuku mwenzao kwamba anaroga, humwita mganga. Mganga humkalisha yule mtu mbele ya kijiji kizima, akamnyoa kichwa chote kwa wembe, akampaka dawa na kumnywesha nyingine, ikasemwa uchawi umemtoka. Serikali inakataza, na watu wanafanya. Aliyenyolewa mara moja huachwa akaishi, kasafishwa. Aliyenyolewa mara ya pili, mimi sijaona hata mmoja aliyebaki na mahali pa kulala. Hata ndugu wa tumbo moja humfungia mlango. Bibi alinyolewa kwa sababu mtoto wa kaka yake alianguka kutoka kwenye mkorosho akavunjika kiuno, na asubuhi ya siku hiyo bibi alipita chini ya mkorosho huo akiokota kuni. Basi, ushahidi ulikuwa huo.

"Hapa kwangu hunyolewi," nikamwambia.

Nilisema kama mtu anayegonga muhuri. Wakati ule nilikuwa napenda sana kusema maneno ya namna hiyo.

Chumba cha kwanza alikuwa amepanga mwalimu, binti wa watu kutoka Iringa, tukimwita Madamu. Alikuwa likizo ya uzazi. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alikuwa hajatimiza hata miezi mitatu, na mumewe alikuwa kazini mbali. Chumba cha pili alikaa fundi cherehani, mzaliwa wa hapahapa, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Cherehani chake kilikaa barazani, kinautazama ua mzima. Vyumba viwili vya kati walikaa wauza mitumba waliokuwa kutwa minadani. Mimi nilikaa nyumba kubwa ya mbele, peke yangu, mke wangu akiwa ameshatangulia.

Maji kwetu ni ya kununua ndoo kwa ndoo. Kwa hiyo mtu wa Newala hafui ovyo, hujikusanyia akafua siku moja. Lakini mwenye mtoto mchanga hana siku moja. Madamu alifua nepi kila asubuhi, na kamba ikawa yake tangu alfajiri mpaka jioni. Na ule ulikuwa mwezi wa baridi, ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma na kukaa juu yetu mpaka saa nne, nguo hazikauki. Chini ya kamba, upande wenye jua, bibi alikuwa anatandika mkeka wake na kuanika makopa, ile mihogo iliyomenywa na kupasuliwa ya kusagia unga. Nepi zikadondosha maji ya sabuni juu ya makopa.

"Madamu, maji yako yanadondokea makopa yangu."

"Bibi, shikamoo. Kamba ni ya wote."

"Marahaba. Kamba ya wote, na makopa ni ya nani? Ya wote pia? Njooni basi mle yakiwa na povu."

Fundi akacheka barazani mpaka akasimamisha cherehani. Na Madamu akacheka. Siku ile ilikuwa bado ni kicheko.

Juma lililofuata Madamu alikwenda sokoni akacheleweshwa. Jua likaanza kuzama, nguo za mtoto ziko kambani. Bibi akazianua, akazikunja vizuri, akaziweka chumbani kwake. Kwetu mtu mzima akiona nguo za mtoto mchanga zinataka kuingiliwa na giza, huziondoa, ziwe za nani na mama yake awe wapi. Mke wangu angefanya hivyohivyo. Lakini Madamu si wa huku. Alirudi akakuta kamba tupu.

"Nani kachukua nguo za mwanangu?"

"Ziko kwangu," bibi akajibu kutoka ndani. "Nguo za kichanga hazilali nje, mwanangu. Wewe hukufundishwa na mama yako?"

"Mama yangu alinifundisha nisishike kitu cha mtu!"

"Kwani giza lina mikono, bibi?" fundi akachokoza.

"Linayo. Na ingekuwa inajua kushona, wewe ungekuwa umeshafunga kazi."

Hapo nilicheka mimi. Fundi hakucheka. Nilimwona anamtazama bibi kwa jicho la mtu anayeweka kitu akibani.

Nikaamua kesi. Kwangu hapakuwa na baraza la wazee, baraza nilikuwa mimi. Nikasema kamba itakuwa ya watu wazima, na chini yake, upande wa jua, makopa yatakaa. Madamu nitamtengenezea mahali pake pa kuanika nepi. Upande wa mashariki wa ua nina ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma ambao sijaupiga lipu. Unapata jua la kwanza ukungu ukiondoka, ila unakwaruza nguo na kuzitia wekundu. Nikaenda stoo, nikatoa mifuko ya salfa iliyokwisha, ile salfa ya unga tunayoipuliza kwenye mikorosho ili maua yasiungue na ugonjwa wa ubwiri. Nikaipasua, nikaikung'uta, nikaishona kwa shazia na uzi wa katani ikawa shuka moja refu, nikaufunika nalo ukuta wote juu na pembeni. Na kwa sababu upande wa nje wa mifuko una maandishi ya rangi, na rangi ikilowa huhamia kwenye kitambaa cheupe, nikaigeuza. Upande wa ndani nikauweka juu.

Nataka msomaji asimame hapo kidogo. Upande wa ndani nikauweka juu. Nilifanya hivyo kwa akili zangu zote, na nilijisifu.

"Baba, hii kazi nzuri sana," Madamu akasema. "Hata shuleni hawana akili hii."

Mtu wa darasa la tatu akisifiwa na mwalimu, anavimba. Mimi nilivimba. Mifuko ilinuka salfa, ndiyo. Lakini mwezi ule Newala nzima inanuka salfa. Mashine zinanguruma mashambani alfajiri, unga wa njano unatua juu ya mabati, juu ya ndizi, ndani ya pua. Nani angeshtuka? Mgeni asingejua kwamba harufu imezidi, na mwenyeji alikwisha kuizoea.

Siku ya nne au ya tano mtoto akaanza kulia namna nyingine. Si ule wa njaa. Mapaja yakawa mekundu, ngozi ikachubuka kwenye mikunjo yote inakogusa nepi. Madamu akampeleka zahanati, akapewa dawa ya kupaka, akaambiwa aangalie sana kila kinachogusa ngozi ya mtoto. Akabadili sabuni. Akafua mara mbili. Akaanika vizuri zaidi, nepi zimetandazwa bapa juu ya mifuko yangu, moja moja, bila kukunja, ili zipate jua lote. Kadiri alivyofanya bidii, ndivyo mtoto alivyozidi.

Habari za Makote nazo zikafika. Makote si mbali, na bodaboda wanabeba maneno pamoja na abiria. Sijui nani alimwambia fundi. Nilichoona ni kwamba siku moja asubuhi fundi amegeuza meza ya cherehani. Zamani aliupa ukuta mgongo, akatazama geti. Sasa alikaa anautazama mlango wa bibi.

Shikamoo zikaanza kupungua. Bibi akitoka, wauza mitumba wanakumbuka kitu chumbani. Wanawake wa jirani waliozoea kuja kuomba moto wakaja mpaka getini wakaitana kutoka hukohuko. Bibi akianika kanga yake kambani, zinabaki hatua tatu tupu kila upande, kamba ileile waliyokuwa wanaigombania. Watu wakaanika juu ya nyasi, juu ya baiskeli, juu ya mlango. Asubuhi moja nilikuta chumvi ya mawe imemwagwa kizingitini kwake. Alikuwa ameshaiona. Alikuwa anaifagia polepole, mkono mmoja mgongoni.

"Wamenipa chumvi, kaka," akasema. "Wangenipa na mboga."

Hakutabasamu. Akaendelea: "Pale Makote nako walianza na chumvi."

Nilimwendea Madamu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Mwanangu, na wewe unasikiliza maneno haya?"

"Baba, mimi nimesoma. Mambo haya siyaamini." Akamtazama mtoto. "Lakini mtoto haponi. Na nguo zake alizishika yeye. Alikaa nazo ndani."

"Alizikunja tu."

"Alizikunja vipi, Baba? Wewe ulikuwepo ndani?"

Nikaondoka.

Jumatatu ndiyo niliona. Ukungu ulikuwa umepasuka mapema, na Madamu alikuwa amemlaza mtoto kwenye mkeka juani, bila nguo, ili vidonda vipate hewa. Nilipita karibu. Nikasimama. Wekundu ule niliujua. Msimu wa kupuliza, jasho likichanganyika na salfa, mimi mwenyewe huwaka hivyohivyo kwapani na shingoni, wekundu wenye kingo, unaofuata mkunjo kama umechorwa. Kila mpuliza mikorosho anao. Nikaokota nepi iliyokuwa pembeni, safi, imetoka ukutani, nikainusa. Nikaiweka chini.

Sikutaka kuamini pua yangu. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakilowesha, nikakitandika juu ya ile mifuko mpaka kikakauka, halafu nikakifunga kwenye mkono wangu kwa ndani, karibu na kwapa, chini ya shati. Nikalima nacho. Nikatoka nacho jasho siku nzima ya Jumanne. Jumatano asubuhi nilipokifungua, ngozi ilikuwa imewaka na imeanza kutoa malengelenge madogo. Ngozi ya mkulima hiyo, iliyochomwa na jua miaka yote. Nikafikiria ngozi ya mtoto wa miezi mitatu.

Hapo nilitakiwa niite watu wote uani, niinue mfuko mmoja, niseme: jamani, ni huu, na aliyeuweka ni mimi. Ilikuwa ni maneno ya dakika moja.

Sikusema. Mimi ndiye watu wa mtaa wangu huja kuuliza salfa ipulizwe siku gani, upepo ukiwa wapi, kipimo gani. Mimi ndiye huwakaripia vijana wanaopuliza bila kitambaa puani. Na nilikuwa nimesifiwa. Nikajiambia kwamba nikiiondoa mifuko kimyakimya mtoto atapona, akipona maneno yatakufa yenyewe, na hakuna atakayeumia. Nikaibomoa mishono, nikaipeleka shamba, nikaichoma. Moshi wake ulinikata kifua, nikakohoa mpaka nikapiga magoti. Nikarudi nikamwambia Madamu mifuko imechakaa kwa jua, aanike kambani, bibi hatasema kitu.

"Kamba ile ile anayoanika yeye?" akauliza.

"Ndiyo."

Akaenda kuanika ndani ya chumba chake, dirishani.

Nilichosahau ni kwamba ngozi haiponi kwa siku moja. Alhamisi mtoto alikuwa vilevile. Ijumaa, baada ya swala, fundi akaita watu. Hakuniomba ruhusa. Nilitoka nje nikakuta ua wangu umejaa, wanawake wa jirani, wauza mitumba ambao siku hiyo hawakwenda mnadani, vijana wawili watatu nisiowajua. Ua wangu, nilioufyatulia matofali mwenyewe, na mimi nikasimama pembeni kama mgeni. Bibi alikuwa amekaa kizingitini kwake, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Njomba, karibu," fundi akaniambia, na alisema kwa heshima kabisa. "Hatutaki fujo. Mganga nimeshaongea naye kwa simu. Kesho asubuhi yuko hapa. Bibi anyolewe, mtoto apone, tuendelee kuishi."

"Huyu ameshanyolewa," mwanamke mmoja akasema.

"Basi haikumtoka."

Watu wakaguna. Mguno ule nimewahi kuusikia mahali pengine nikiwa mdogo, na mtu aliyegunwa hakumaliza mwezi.

"Bibi, una la kusema?" fundi akauliza.

"Nguo za mtoto nilizishika," bibi akasema. "Nilizianua, nikazikunja. Mkitaka niseme na lingine, nifundisheni."

Hapo nikasema. Nilisema yote, kwa sauti, kama nilivyoandika hapa: mifuko, upande wa ndani juu, unga, jasho. Nikasema mtoto ameunguzwa na salfa na aliyemuunguza ni mimi. Nilipomaliza, nikadhani nimeshinda.

"Mifuko iko wapi, njomba?" fundi akauliza. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anataka kujua.

"Nimeichoma."

"Lini?"

"Jumatano."

"Kwa nini uichome, kama ndiyo ushahidi?"

Nikaona macho yanahama kutoka kwangu kwenda kwa bibi na kurudi kwangu. Basi nikafanya nililodhani litamaliza maneno. Nikavua shati mbele za watu, mzee mzima, nikainua mkono nikawaonyesha malengelenge.

"Tazameni! Nimejaribu mwenyewe kwa kitambaa. Ni vidonda vilevile vya mtoto. Tazameni!"

Walitazama. Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Fundi akasogea, akatazama kwa karibu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mnaona?" akasema taratibu. "Na mzee kashapigwa."

"Pole, Baba," mmoja wa wauza mitumba akaniambia.

"Ndiyo maana anajitwika. Si akili yake hiyo."

"Mvalisheni shati, mzee wa watu."

Wakanivalisha. Mikono ya watu ilinivalisha shati langu mwenyewe, kwa huruma, wakanifunga vifungo. Nilimtazama Madamu. Nilidhani yeye aliyesoma atasimama. Alimfunika mtoto uso kwa kanga, akamgeuzia upande mwingine, mbali na mkono wangu.

Bibi akainuka. Akaingia ndani, tukasikia anakusanya vyombo. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyeondoka. Nikamfuata mlangoni.

"Dada, hapa hunyolewi. Nilikwambia."

"Kesho wakija kumi, utawazuia na mkono huo?"

"Nitakwenda polisi."

"Nenda. Polisi watakaa hapa miaka mingapi?" Alikuwa anafunga furushi, hanitazami. "Niitie bodaboda mpaka Masasi. Huko nitajua."

Nikamwitia. Saa kumi ya alasiri, jua likiwa bado jeupe, bibi alipanda bodaboda na ndoo yake, furushi mbele ya dereva. Watu walikuwa wamesimama kwenye milango.

"Bibi, umesahau makopa!" fundi akapaza sauti, na watu wakacheka, kicheko cha kuachia pumzi iliyokuwa imebanwa. Hakugeuka. Kwao kuondoka kule kulikuwa ni kukiri. Mganga akapigiwa simu asije.

Mtoto akapona. Lazima angepona, mifuko haikuwepo tena. Wiki ya pili mapaja yalikuwa laini kabisa, na kila aliyemwona alisema, mnaona, tangu aondoke yule. Mkono wangu nao ukapona, wakanihesabu na mimi. Kila kilichopona kilikuwa ushahidi. Jumapili moja Madamu alinijia na mtoto amemvalisha soksi na kofia, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao.

"Shikamoo, Baba. Nimekuja kukushukuru kwa kutuvumilia."

"Marahaba. Mwanangu, ilikuwa salfa. Nakuapia."

"Baba, yamekwisha. Tusiyarudie."

Alisema kwa upole, kama tunavyosema na mgonjwa. Likizo yake ilipomalizika akahamia nyumba za walimu. Chumba cha bibi nimepangisha mara mbili, na wote wawili niliwaeleza kisa hiki kabla hawajalipa. Wa kwanza alitikisa kichwa akauliza kama chumba kilifukizwa. Wa pili aliuliza yule bibi alielekea upande gani.

Msimu wa kuokota korosho nilipata fununu kwamba yuko Nanganga, kwa mjukuu wa dada yake, barabarani. Nikapanda gari. Sikuuliza mtu. Nilitembea kandokando ya nyumba zile mpaka nikamwona, nyuma ya kibanda kinachouza sabuni na sukari, ameinama juu ya beseni, anasuuza nguo za watoto. Kichwani amejifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine.

"Shikamoo, dada."

Aliinua macho. Akatazama kwanza nyuma yangu, kulia na kushoto, ndipo akanitazama mimi.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Umemuulizia nani mpaka ukafika?"

"Sikumuuliza mtu."

Akaendelea kusuuza. Nikamwambia mtoto amepona. Nikamwambia nimewaeleza watu wote, kila siku naeleza, na wataelewa tu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua siku gani, kaka?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, si hilo.

"Jumatano."

Akakamua kaptula ya mtoto, akaikung'uta, akaiweka juu ya nyingine.

"Jumatano," akasema. "Jumatano ile nilikuwa bado nasalimiwa na wawili watatu. Ungesema Jumatano wangekusikia."

"Najua."

"Alhamisi nilipika ming'oko, nikakuletea kwenye bakuli. Ukala."

"Nilikula, dada."

Ndani ya nyumba mtu aliita, sauti ya mwanamke kijana: "Bibi, nani huyo unaongea naye?" Bibi alinijia karibu, mikono inadondosha maji.

"Ondoka sasa. Sijakukasirikia, ila ondoka. Huyu akija ataniuliza wewe ni nani. Nitasema umetoka Newala. Ataniuliza Newala nilikuwa nafanya nini, kwa nini niliondoka. Hapa hawajajua kitu. Watoto wao nawaogesha mimi. Usirudi tena, na usiwatume watu kuniomba radhi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Pitia huku nyuma."

Nikapitia nyuma, kwenye mihogo, nikatokea barabarani mbali kidogo. Nikangoja gari la kurudi Masasi. Chini ya kibanda cha abiria palikuwa na mwanamume wa makamo anauza machungwa, mtu mchangamfu, wa kutaka habari.

"Shikamoo, mzee. Nimekuona unatokea kule nyuma ya duka. Umemfuata nani huku kwetu?"

"Marahaba," nikamjibu. "Sina mtu huku. Nilikuwa natafuta choo."

Akacheka, akanionyesha choo kilipo kwa siku nyingine. Akaniuliza natokea wapi. Nikasema Lindi.